Kichupo cha Kumi na Mbili

Nilimuua Sefania Mgonja saa nne na dakika kumi asubuhi, huku nikicheka peke yangu kama mwehu.

Ngoja kwanza, usinihukumu. Mimi ni Mchaga, Sefania ni Mpare, na anayetujua anajua kwamba sisi ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kununa. Ukifa, ndiye anayejilaza kaburini mwako na kugoma kutoka, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Bibi zetu walifanya hayo huko juu, wakati jua lilikuwa bado kitu cha kuota asubuhi. Sisi wa Kivulini, tunaoishi mita mia mbili chini ya tambarare za Same, tulihama na utani wetu kwa sababu haukuchukua nafasi kwenye mizigo.

Kazi yangu ni mwandishi wa zamu. Nakaa ndani ya chumba cha chuma, kioo mbele yangu, na juu ya kioo vimepangwa vichupo kumi na kimoja, vile vijisanduku vya kubonyeza ili kufungua ukurasa, kila kimoja na faili lake: maji, zahanati, shule, Mlango wa Nje, na mengine ya kuchosha. Kichupo cha nne ni Daftari la Wakazi. Kinachohifadhiwa humo ndicho ukweli wa mji mzima. Jina lako likiwamo, milango inakujua na hewa inakufuata ulipo. Lisipokuwamo, mlango kwako ni ukuta tu. Na majina ni elfu mbili na mia nne, hakuna hata moja la ziada, kwa sababu Baraza liliamua hivyo miaka kumi na tisa iliyopita na halijabadili neno.

Kichupo cha kumi na moja hakikuwa na kazi yoyote ya maana. Kilikuwa karatasi ya rafu. Lakini mafundi wa hewa nao walikuwa wanaweza kukifungua kwenye vibao vyao vya mkononi, na kwa miaka sita mimi na Sefania tulikigeuza kijiwe.

Asubuhi ile alianza yeye, kama kawaida yake.

"Mchaga, umeshafungua duka?"

"Nimefungua. Wapare wanapitia mlango wa nyuma."

"Niko Chumba cha Sita, nabadilisha vichujio. Jana nimewapelekea Baraza barua nyingine."

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya saba. Vichujio hivi vinatosha watu arobaini zaidi, nimepima mwenyewe. Wasiponijibu nawashtaki."

"Ukoo wenu bwana! Babu yako si aliuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku?"

"Na alishinda."

Hapo nikaona nimjibu kwa kitu cha kukata mzizi wa fitina. Nikamwandikia tangazo, na ili linoge nikalipanga vilevile kama Daftari linavyotaka, namba yake ya ukaazi niliyoichungulia Daftarini ikiwamo: MGONJA, Sefania. Hali: MAREHEMU. Chanzo: alibishana na pampu, pampu ikashinda. Nikalinakili, nikarudi kijiweni, nikalibandika, nikaangua kicheko. Mkono wangu una tabia mbaya. Kila baada ya mistari michache unabonyeza Hifadhi Vyote bila kuniuliza.

Nilipofuta machozi ya kicheko niliona kwamba kijiwe hakina kitu. Nilikuwa nimebandika kwenye kichupo cha nne.

Mama yangu weee!

Kwenye kona ya chini ya kioo idadi ikasoma 2,399. Sikuwahi hata kuinua kidole. Kabla sijameza mate ikarudi 2,400. Nafasi ikipatikana Daftari halingoji mtu, linachukua jina la kwanza kwenye foleni ya nje. Kwenye kichupo cha Mlango wa Nje mstari mpya ukajiandika wenyewe: Nyamizi Kasanda, miaka thelathini na mmoja, siku mia mbili na kumi na nne foleni. Ameruhusiwa.

Kisha Sefania akaandika kijiweni.

"Mchaga, huu mlango umenifungia. Na feni imezima. Nani amegusa nini?"

*

Nilimwambia, kwa sababu sikuwa na la kuficha wakati ule. Nilitarajia matusi. Alijibu, "Umeniua kwa kubandika? Hata risasi hukunitafutia?" Kisha akaongeza kwamba, kwa hesabu yake, hewa iliyobaki humo ni ya dakika ishirini na tano.

Nikapiga simu ya ukutani kwa Msajili Mkuu, Bwana Lukindo, mtu mpole anayezungumza kama anayemsomea mgonjwa dawa zake.

"Shikamoo Bwana Msajili. Nimefanya kosa, kosa kubwa."

"Marahaba, binti. Naliona hapa. Lirekebishe."

"Nikimwandika upya anapelekwa mwisho wa foleni, mtu wa elfu moja na mia moja na sita."

"Basi usimwandike upya. Tendua."

Labda hujui kutendua kwetu kulivyo. Ukiwa na barua ya kawaida unatendua neno ulilokosea na dunia inaendelea. Mashine ya Kivulini ina uzi mmoja kwa vichupo vyote. Chochote kilichofanyika, kwenye kichupo chochote, kimetungwa kwenye uzi huo kwa mpangilio wa saa, na ili uifikie shanga ya saa nne na dakika kumi ni lazima uvue kwanza zote zilizoingia baada yake. Kuingia kwa Nyamizi Kasanda kulikuwa juu ya kifo cha Sefania.

"Na yule mama aliyeingia?" nikauliza.

"Yupi? Daftari likirudi nyuma, hakuna aliyeingia."

"Bwana Msajili, ana miguu, ana mikono. Yuko mlangoni sasa hivi."

"Binti Aikande," akasema taratibu, "Daftari lina nafasi moja. Wewe ndiye uliye kwenye kiti." Akakata simu.

Ningeweza kutoka mbio. Chumba chetu hakifunguki mpaka kila kichupo kiwe kimehifadhiwa, sheria iliyowekwa baada ya mwandishi mmoja kwenda kunywa chai akaacha amri ya maji nusu nusu na mtaa mzima ukalala na kiu. Mimi ningehifadhi, mlango ungefunguka, ningekimbia. Niende wapi? Mlango wa Chumba cha Sita una unene wa shubiri tatu na hausikii kelele za mtu. Nilibaki nimeshika kiti kwa mikono yote miwili.

Nikarudi kwenye kichupo cha Mlango wa Nje. Mistari ilikuwa inajiandika. Nyamizi Kasanda: amepita lango la kwanza. Amevua joho la kivuli, ameliacha foleni. Ameacha galoni la maji foleni. Hiyo si sheria yetu, ni ustaarabu wao wenyewe huko juu. Anayeitwa ndani huvua joho lake linalozuia jua akampa anayefuata, na maji yake vilevile, kwa kuwa kule aendako havihitaji tena. Mistari miwili iliyofuata ikasema: amepangiwa kitanda; yuko bafuni, anaoga.

Sefania akaandika, "Mtani, niulize kitu?"

"Uliza."

"Nafasi yangu imeshachukuliwa?"

Nilisoma swali hilo mara mbili. Anazijua kanuni kuliko mimi, amezishtaki zote.

"Bado," nikaandika. "Foleni imekwama."

"Una hakika? Maana kama kuna mtu ameshaingia, usiguse kitu. Niachie. Nitaandika barua ya nane humu humu, wataikuta mkononi mwangu."

"Hakuna aliyeingia, Mpare. Tulia, usimalize hewa kwa maneno."

"Basi fanya haraka. Kichwa kimeanza kunigonga."

Nilimdanganya, na nilijua kwa nini. Nilimpenda yule mtu kama unavyompenda ndugu mliyelelewa naye kwa chungu kimoja, na kumkosa kijiweni nilikuona wazi kuliko sura ya mwanamke nisiyemjua. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba.

Nikabonyeza Tendua. Ule mstari wa bafuni ukafutika. Nikabonyeza tena, kitanda alichokuwa amepangiwa kikafutika. Galoni. Joho. Daftari lilifuta maneno tu, joho lenyewe lilikuwa limeshavaliwa na mtu mwingine huko juu. Lango la kwanza. Mara ya sita likaondoka jina lenyewe, Nyamizi Kasanda, herufi zote kwa pamoja. Nikajiambia kwamba atarudi kuwa wa kwanza foleni, kwamba amesubiri siku mia mbili na kumi na nne na hatashindwa siku mbili tatu zaidi. Mara ya saba neno MAREHEMU likatoka kwenye jina la Sefania.

Nikahifadhi vyote. Wakati huu nilibonyeza kwa kidole kimoja, polepole.

*

"Nimefufuka," akaandika. "Waambie waliokwisha kugawana viatu vyangu wavirudishe."

Nilicheka. Kicheko kilitoka kikavu, lakini nilicheka. Nikamwambia aende nyumbani apumzike. Akasema Mpare hapumziki kwa kosa la Mchaga, na kwamba kibao chake kinamwonyesha lango la kwanza limefunguka na kujifunga mara mbili ndani ya robo saa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Anapitia kuliangalia.

"Usiende," nikaandika.

"Kwa nini?"

Nikaandika, "Umechoka," lakini alikuwa ameshaondoka.

Zilipita dakika tisa. Nilikaa nikisoma ratiba ya maji ya shule bila kuelewa hata mstari. Ilikuwa inakaribia saa tano, na jua la saa tano huko juu halimpi mtu asiye na joho hata robo saa. Banda la foleni lina kivuli cha watu sitini, na foleni ina watu elfu moja na ushee wanaokipokezana kwa majoho.

Kijiwe kikaamka.

"Aikande."

Kwa miaka sita hakuwahi kuniita kwa jina.

"Nipo."

"Kuna mama hapa nje ya lango anagonga. Hana joho. Nywele zake zina maji. Anasema alishaingia, alishaoga, kisha milango ikaanza kumfungukia kwa nyuma na upepo ukamsukuma mpaka nje. Amechanganyikiwa, au anasema kweli?"

Ningeweza kuandika kwamba amechanganyikiwa. Vidole vilikuwa juu ya herufi, na uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, kila mtu anajua.

"Anasema kweli," nikaandika. "Alikuwa ndani. Uliponiuliza, alikuwa ameshaingia."

Kishale kikapepesa. Nikakihesabu mpaka thelathini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini wa kukataa nilikuwa mimi, Aikande. Kifo kilikuwa changu, na umenipokonya, umempa mama wa watu."

"Niliogopa utakufa."

"Najua uliogopa. Sasa mwangalie huyu."

Akaniwekea picha ya dirisha la lango. Mwanamke mrefu, amejifunika kichwa kwa kanga iliyoloa, kiganja kimoja kimebandikwa kwenye kioo. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anazungumza na Sefania kwa utulivu kabisa, kama anayemweleza karani kwamba kuna jina limerukwa. Nililia hapo. Sikulia alipokuwa mistari sita kwenye kioo changu, nililia nilipokiona kile kiganja.

"Lango hili lina mkono wa kuzungusha," Sefania akaandika. "Wa zamani, wa ajali ya moto. Ufunguo ninao."

"Daftari litamhesabu. Tutakuwa tumezidi."

"Acha limhesabu. Na uandike mahali nionekane: nimefungua kwa mkono wangu, kwa akili yangu timamu, na nitashtaki."

*

Sikujua kitakachotokea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuzungusha ule mkono. Idadi ikasoma 2,401. Kioo kikatulia. Kisha upande wa kulia, baada ya kijiwe, kikajifungua kichupo ambacho sikukiita, kichupo cha kumi na mbili. Kilikuwa cheupe chote, na juu yake maneno machache: IDADI IMEZIDI. MWANDISHI WA ZAMU AANDIKE JINA MOJA LA ANAYETOKA, AHIFADHI. Chini yake jina langu kama mwandishi, na kishale.

Hakikuwa na alama ya kufungia. Kilikuwa na ile nukta nyekundu tu, ya kitu ambacho hakijahifadhiwa.

Simu ikalia.

"Binti Aikande," akasema Bwana Lukindo, "andika jina."

"Jina la nani?"

"Kwa kawaida ni la aliyeingia mwisho. Lakini kanuni haikubani, lolote linakubalika."

"Yeyote? Hata mtoto wa shule?"

"Lolote linakubalika," akarudia, na safari hii sauti yake ilitetemeka kidogo. Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe.

Nitasema na hili. Niliandika herufi tatu za jina langu mwenyewe. Aik. Nikazitazama, nikalikumbuka jua, nikazifuta. Mimi si shujaa. Nina miaka thelathini na saba na napenda kuishi. Ilikuwa ni baada ya kuzifuta, nikiwa nimeinamisha kichwa kwa aibu, ndipo nikaiona idadi kwenye kona. Ilikuwa bado 2,401. Hakuna mlango uliokuwa umemfungia mtu, hakuna feni iliyozima. Daftari lilikuwa linangoja, na likingoja linawahesabu wote waliomo.

"Bwana Msajili, nani mwingine anaweza kukihifadhi kichupo hiki?"

"Hakuna. Kimefunguka kwa jina lako."

"Na nisipokihifadhi?"

"Lazima ukihifadhi, binti. La sivyo hutoki humo."

"Basi sitoki," nikasema.

Nikasikia anavuta kiti chake akakaa. Nadhani alielewa kabla yangu. Kichwani nilikuwa nimeshayapima maisha yangu mapya kwa hatua: chumba kina hatua nne kwa tatu, choo nyuma ya pazia, kidirisha cha chakula kwenye mlango kinachopitisha bakuli na kiganja cha mtu. Nikaketi tena kwenye kiti changu.

Leo ni siku ya tisa. Baraza limekuja mlangoni mara nne. Ya kwanza walinitisha, ya pili wakanibembeleza, ya tatu wakamleta mchungaji. Ya nne mjumbe mmoja mzee aliinama kwenye kidirisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kuna barua saba kuhusu vichujio, na namna anavyoweza kuzipata. Nikamwambia ziko nane, ukihesabu lile lango alilolifungua kwa mkono. Vichujio viko sawa, hakuna aliyekohoa. Kijiweni sijaandikiwa neno. Kila nikiamka nakifungua kwanza hicho, na kila siku kinakuwa kilekile. Usiku na mchana kwangu vimekuwa taa moja, na nimeanza kuzungumza na kishale, jambo ambalo silifurahii.

Adhuhuri kidirisha kikagongwa. Nilidhani ni mgambo wa chakula. Ilikuwa kanga, na juu ya kanga uso niliouona mara moja tu, kwenye picha.

"Wewe ndiye uliyenitoa?" akauliza Nyamizi Kasanda.

"Ndiyo, dada. Ni mimi."

"Na ndiye uliyegoma kuandika?"

"Ndiyo."

"Mgongo wangu una malengelenge mpaka leo. Nalala kifudifudi. Nilitaka nije nikuone unafananaje." Kisha akapitisha bakuli. "Haya ni makande. Amepika Mgonja. Ameniambia nikwambie kwamba hajakusamehe."

"Na wewe?"

"Mimi pia bado. Tuko wawili."

"Sasa kama hajanisamehe, kwa nini amenipikia?"

"Nilimuuliza hivyohivyo." Akanyoosha kanga yake begani, taratibu, kwa sababu ya mgongo. "Amesema kesi bado inaendelea, na mshtakiwa lazima ale, maana akifa njaa Wachaga watakata rufaa."

Nikashika bakuli kwa mikono miwili.

"Kula," akasema. "Yanapoa."

Nikala nimesimama pale pale kidirishani, na yeye akangoja mpaka nimalize ili arudishe bakuli. Nyuma yangu kichupo cha kumi na mbili kilikuwa wazi, hakina hata herufi moja.